Mwongozo wa Bahili: Namna ya Kulipa Fidia Kidogo Kang'ata

Mwongozo huu nimemwandikia bahili. Namjua vizuri: ana karasha mbili za kusagia mawe, winchi moja na vijana kumi na wawili, na kila shilingi inayotoka mfukoni mwake humuuma kama jino bovu. Namheshimu. Hela ya Handeni haiokotwi. Mawe yanaweza kusagwa wiki nzima yasitoe hata dhahabu ya kulipia dizeli, na masika yakija duara, yaani shimo la kuchimbia, linajaa maji, kazi inasimama, ila matumbo ya vijana hayasimami. Mtu wa namna hiyo akiniuliza, "Ndugu yangu, nifanyeje nilipe fidia kidogo?" simwoni kuwa mtu mbaya. Kauliza swali la maana, na mwongozo huu utamjibu hatua kwa hatua.

Jibu lenyewe ni fupi: usiache mtu aumie, na akiumia usifiche. Bahili anayefuata mambo hayo mawili atabaki na hela yake. Anayeyapuuza ataitoa, tena kwa mafungu, kwa miaka, na kwa watu ambao hakuwahi kupanga kuwalipa.

Mgeni akisikia jina la kata yetu, Kang'ata ya wilayani Handeni, hudhani ni kitenzi. "Kang'ata nani?" anauliza. Wenyeji hucheka. Lakini nenda machimboni, upande wa kilima cha Magambazi, ukasimame karibu na injini inayounguruma, na swali lile halichekeshi tena. Kule kuna vitu vinavyong'ata. Mkanda unang'ata. Gurudumu linang'ata. Kamba ya winchi inang'ata, na udongo uliolowa unameza kabisa. Ukiteremka Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, nayo ina meno. Kazi ya mwongozo huu ni kuyafunga meno hayo.

Hatua ya 1: Futa msemo unaokufilisi

Kabla ya kununua chochote, futa maneno matatu: ajali haina kinga.

Nimeyasikia maneno haya tangu utotoni, na najua kwamba watu huyasema kwa wema, ili aliyeumia asijione mjinga na aliyefiwa asitafute wa kumlaumu. Kwenye msiba yana nafasi yake. Kwenye uwanja wa kazi ni maneno ya hasara, kwa sababu yakishatamkwa hakuna anayerudi kuutazama mkanda. Pole imetolewa, damu imefukiwa kwa mchanga, injini imewashwa. Kilichomng'ata Jumatatu kinamsubiri mwenzake Ijumaa, na bosi atalipa mara mbili kwa kosa moja.

Ajali ina kinga. Tanzania tumejifunza hivyo kwa uchungu. Oktoba 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, shimo liliporomoka na kuwafukia wachimbaji sita. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikamshukuru Mungu. Wa sita hakutoka hai. Januari 2024, huko Ng'alita wilayani Bariadi, mvua ilikuwa imenyesha na udongo ukawafukia watu 22. Udongo uliolowa hausubiri bahati mbaya ndipo uporomoke. Uzito wake unautosha. Mtu anayezuiwa kuingia shimoni baada ya mvua anakingwa na ajali hiyo, na kinga yenyewe ni siku moja au mbili za kukaa bure.

Basi msemo ukishafutwa, weka maswali matatu mahali pake, na uyaulize kila mtu anapoumia, hata kama ni kucha tu iliyong'oka. Kilichomng'ata ni nini? Kilikuwa wazi tangu lini? Nani alikiona akanyamaza, na alinyamaza kwa kumwogopa nani? Swali la mwisho mara nyingi litakurudia wewe bosi. Lipokee. Halina gharama.

Hatua ya 2: Ziba mdomo wa mashine kwanza, kofia baadaye

Asubuhi moja nilisimama kwenye uwanja mmoja wa karasha. Injini ya dizeli ilikuwa upande mmoja, karasha upande wa pili, na katikati mkanda mrefu ulikuwa ukikimbia wazi, usawa wa kiuno. Kijana aliyekuwa akilisha mawe alivaa kizibao kipya cha rangi ya machungwa, chenye mistari ya kung'aa. Kilikuwa kikubwa kwake, na hakikuwa na vifungo. Kila alipoinama kuchota mawe, pindo lilipepea hadi likabakiza upana wa kiganja kufika kwenye mkanda.

"Kijana wangu, hicho umepewa na nani?"

"Bosi, mzee. Alisema wakaguzi wanakuja wiki hii."

Nilimwomba akivue, na akakivua. Sijaacha kukifikiria kizibao kile. Kilinunuliwa kwa ajili ya usalama, na pale uwanjani ndicho kilichokuwa karibu zaidi kumvuta mtu kwenye mashine.

Wataalamu wa usalama kazini wana mpangilio wa kinga, na bahili ataupenda kwa sababu unaanza na kinga inayodumu na kumalizia na ile inayochakaa. Kwanza, ondoa hatari yenyewe. Ikishindikana, badilisha kifaa au njia ya kazi. Ikishindikana, weka kizuizi kati ya mtu na hatari. Kisha panga kazi vizuri: zamu, mapumziko, mafunzo, alama. Mwisho kabisa ndiyo kofia, glavu, buti na barakoa. Wengi wetu huanzia mwisho kwa sababu kofia hupigwa picha vizuri. Lakini kofia haizuii jiwe kuanguka, na glavu haizuii mkanda kuvuta. Glavu hata huusaidia.

Kwa karasha ile, dawa ilikuwa hivi. Chukua pipa la bati, lipasue, mpelekee fundi wa kuchomelea, akutengenezee kifuniko cha mkanda chenye bawaba upande mmoja na nati upande mwingine. Kazi ya siku moja. Tengeneza mlizamu wa mbao ili mawe yateleze yenyewe hadi kwenye kinywa cha karasha, mikono ikae mbali. Halafu weka amri moja ambayo hata wewe bosi huruhusiwi kuivunja: hakuna kusafisha wala kuzibua mashine inayozunguka. Injini izimwe, na hendeli ya kuwashia ikae mfukoni mwa yule ambaye mkono wake umo ndani ya karasha. Hendeli ikiwa kwake, hakuna wa kuiwasha kwa bahati mbaya.

Kwenye duara, fungu la kwanza la hela liende kwenye matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta za shimo. Yakaguliwe kila asubuhi kabla ya mtu kuteremka, na timba lililooza litolewe siku hiyo hiyo. Kamba ya winchi ipitishwe mkononi polepole kutafuta nyuzi zilizokatika. Baruti ikilipuka, watu wasirudi hadi moshi uishe na fundi wa baruti aseme kwa mdomo wake kwamba hakuna iliyobaki bila kulipuka. Mvua ikinyesha, kaeni juu. Siku hiyo ichukuliwe kuwa gharama ya kazi, kama dizeli.

Halafu kuna kipande. Babu zetu waliokata mkonge wanalijua neno hilo vizuri. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka kuanzia Pangani hadi Korogwe, watu waliletwa kutoka mbali kufanya kazi kwa mkataba, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Kadi yao ya siku za kazi iliitwa kipande, na ilikuwa ya kumbana mtu amalize siku zake. Wewe tengeneza kipande cha aina nyingine. Pigilia misumari kwenye ubao mdomoni mwa duara, na kila kijana awe na kibati chenye jina lake. Akiteremka, anakitundika. Akipanda, anakichukua. Siku shimo likiporomoka, hutahitaji kuuliza kijiji kizima ni nani wamo ndani na ni wangapi. Kipande cha kwanza kilikuwa cha kumbana mtu, hiki ni cha kumtafuta, na kina jina badala ya namba.

Hatua ya 3: Nunua daftari la nusura

Kiswahili kina neno zuri ambalo waajiri hatulitumii: nusura. Nusura aanguke. Nusura jiwe limpate. Nusura mkanda uruke. Tunalitumia jioni kwenye kahawa, tunacheka, tunasahau. Nusura ni ajali iliyokuja kukuonya bila kukutoza kitu, na bahili hapaswi kutupa kitu cha bure.

Nunua daftari la shule. Gawa ukurasa katika sehemu tatu: tarehe, nini nusura kitokee, nani karekebisha na lini. Litundike kwa kamba mahali pa wazi. Asiyejua kuandika amwambie anayejua. Na sharti kuu ni hili: atakayeandika hatafokewa wala kukatwa posho, hata kama kosa ni lake. Ukimfokea mmoja, daftari litabaki jeupe, nawe utarudi kujifunza kwa njia ya gharama.

Kila Jumamosi lisome mbele ya vijana wote. Kilichoandikwa na hakijarekebishwa kitajwe kwa sauti. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inataka sehemu ya kazi isajiliwe na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na inawapa wafanyakazi nafasi ya kuwa na mwakilishi wao wa usalama. Mwakilishi huyo ndiye awe mwenye daftari. Mchague mtu ambaye wenzake wanamsikiliza, si mpwa wako. Naye mpe mamlaka ya kuzima injini bila kukuomba ruhusa. Atakapoizima kwa mara ya kwanza utakasirika. Vuta pumzi, halafu mshukuru mbele ya wenzake, maana wote watakuwa wanakutazama waone kama ulikuwa unasema kweli.

Hatua ya 4: Lipa nusu asilimia, uitoe akilini

Sasa tuingie kwenye hesabu, ambako bahili yuko nyumbani.

Zamani hali ilikuwa mbaya kwa kila upande. Sheria ya fidia tuliyoirithi kwa Waingereza ilimwachia mwajiri alipe mwenyewe, na kiwango cha juu kilibaki kilekile miaka nenda rudi huku shilingi ikiporomoka, hadi mtu aliyepata ulemavu wa kudumu alikuwa na haki ya kupata Sh 108,000 tu, na familia ya aliyekufa Sh 83,000. Hiyo haikutosha hata kumalizia msiba. Mwaka 2008 ikatungwa sheria mpya, na Julai 2015 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi tunauita WCF, ukaanza kupokea michango. Mwajiri wa sekta binafsi alianza kwa kuchangia asilimia 1 ya mishahara anayolipa. Kiwango kilishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni asilimia 0.5. Mfanyakazi hakatwi hata senti.

Chukua vijana wako kumi na wawili. Tuseme kila mmoja unamlipa Sh 500,000 kwa mwezi. Jumla ni Sh 6,000,000. Nusu asilimia yake ni Sh 30,000 kwa mwezi, yaani Sh 2,500 kwa kila kijana. Hiyo ni chai na chapati za siku moja.

Tuseme sasa mmoja wao anaumia mkono, na madaktari wanapima ulemavu wake kuwa asilimia 20. Kwa ulemavu usiozidi asilimia 30, Mfuko hulipa kwa mkupuo: asilimia 70 ya mshahara, mara miezi 84, mara kiwango cha ulemavu. Asilimia 70 ya Sh 500,000 ni Sh 350,000. Mara 84 ni Sh 29,400,000. Asilimia 20 yake ni Sh 5,880,000. Kwa mchango wako wa Sh 30,000, kufikisha hela hiyo kungekuchukua miezi 196, yaani miaka kumi na sita na miezi minne. Na hapo sijahesabu matibabu, wala malipo ya asilimia 70 ya mshahara kwa muda asioweza kufanya kazi, ambayo yanaweza kwenda hadi miezi 24. Ulemavu ukizidi asilimia 30, inakuwa pensheni ya kila mwezi. Akifa, mjane na watoto hulipwa.

Bahili asiyejiunga na Mfuko anabeba mzigo huo wote kwenye mabega yake, kwa kuogopa kutoa Sh 30,000. Nimekutana na watu wanaojadiliana bei ya nyanya kwa nusu saa na bado wameacha mlango huu wazi. Jiunge wiki hii.

Kuna jambo moja la machimboni ambalo lazima niliseme wazi. Maduara mengi hayana mishahara. Kuna mgao: mawe yakipatikana, mwenye duara anachukua mifuko yake, vijana wanagawana iliyobaki. Kila mtu anaitwa mshirika. Lakini anayeamua nani ateremke leo na nani abaki juu ni mmoja, na huyo ni mwajiri, hata kama hapendi jina hilo. Mchango hupigwa kwenye mshahara, na pasipo mshahara ulioandikwa hakuna pa kuanzia. Kwa hiyo andikeni mikataba. Wekeni kima cha kila mwezi, hata kama ni kidogo, na mgao ubaki kuwa nyongeza. Bila karatasi hiyo, kijana akifukiwa hatakuwa mshirika wala mfanyakazi. Atakuwa deni lako mbele ya mama yake.

Hatua ya 5: Akiumia, mkimbize mtu, halafu ikimbize karatasi

Hata kwenye uwanja mzuri kuna siku utamkuta mtu chini. Saa ya kwanza ndiyo inayoamua ukubwa wa gharama, yake na yako.

Zima mashine. Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu na usiachie. Majani ya chai, unga wa kahawa na mafuta ya taa havina kazi kwenye kidonda. Humpa daktari kazi ya ziada ya kusafisha. Kidole kikikatika, kifunge kwenye kitambaa safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, mfuko huo ndio uuweke kwenye barafu, na kisafiri pamoja na mwenyewe. Aliyeanguka shimoni asibebwe mgongoni wala kukunjwa juu ya bodaboda. Alazwe kwenye ubao, shingo isitikisike. Kuwa na namba ya gari lililokubaliwa tangu mapema, na bei iliyokubaliwa. Barabara ya lami ya Korogwe hadi Handeni, kilomita 65, inatufikisha hospitali ya Magunga, Korogwe, bila kurushwarushwa kama zamani, lakini lami haimsaidii mtu ambaye gari lake bado linatafutwa.

Akishakuwa mikononi mwa daktari, geukia karatasi. Siku hiyo hiyo andika: saa, mahali, alikuwa anafanya nini, kipi kilimng'ata, nani walikuwepo. Piga picha mashine ilivyokuwa kabla haijaguswa. Mashahidi waandike kwa maneno yao, siyo yako. Taarifa ipelekwe Mfuko ndani ya siku saba tangu ujue habari za ajali. Madai yenyewe yana miezi 12, lakini usiyalaze. Kumbukumbu za watu huchakaa upesi, na mashahidi wa machimboni huhama: leo yuko Kang'ata, mwezi ujao kasikia dhahabu imelipuka kwingine, kaondoka na sururu yake.

Mahudhurio na mishahara yakiwa yameandikwa vizuri, fidia inatoka haraka. Karatasi hizo hizo zinakulinda na mtu aliyeanguka na pikipiki akitoka ngomani halafu akataka kuiita ajali ya kazini. Sijui kinga nyingine dhidi ya madai ya uongo inayofanya kazi vizuri kuliko ukweli ulioandikwa siku ileile. Anayeanza kwa kumshuku kila majeruhi atawaumiza tisa wakweli ili amnase mmoja, na wale tisa hawatamsahau.

Hatua ya 6: Usifiche

Mjomba wangu alikuwa mtu wa brashi kwenye shamba moja la mkonge. Katani ikishatoka korona na kukauka juani, hupelekwa kwenye mashine ya brashi kulainishwa kabla ya kufungwa marobota. Unashika fungu kwa mikono miwili, unailisha mashine, unalivuta. Siku hiyo fungu lilijizungusha kwenye mkono wake wa kulia, akavutwa. Vidole viwili vikaenda.

Kwenye daftari la mahudhurio karani aliandika neno moja: mgonjwa. Mjomba alipewa hela ya wiki mbili, sukari kilo tano, na ushauri wa kutopeleka maneno mbele. Wakati huo Mfuko haukuwepo. Aliporudi kuomba kazi, akaambiwa mkono wake haufai tena. Bosi yule aliamini amepata nafuu. Nafikiri alipata hasara. Mtu aliyeijua ile mashine kwa sauti yake aliondoka, akaingia asiyeijua. Wenzake wakaanza kulisha polepole, kwa hofu, na hofu nayo hula uzalishaji. Na mashine haikuzibwa, maana kwa mujibu wa daftari haikuwa imemng'ata mtu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Leo kuficha ni ujinga maradufu, kwa sababu mchango wako wa nusu asilimia ni uleule, uripoti usiripoti. Fidia umekwisha kuilipia. Anayeficha anamnyima kijana wake haki aliyomnunulia mwenyewe, halafu anatoa tena mfukoni hela ya hospitali, hela ya kunyamazisha, na siku moja hela ya wakili. Hapo ubahili uko wapi?

Hatua ya 7: Mrudishe kazini

Mtu aliyeumia akikaa nyumbani miezi sita bila kupigiwa simu huanza kuamini kwamba maisha ya kazi yamekwisha. Mtembelee wiki ya kwanza. Nenda wewe, usimtume karani. Mpelekee mkewe habari za madai yalipofikia, maana ndiye anayehesabu unga.

Kisha tafuta kazi nyepesi, na iwe kazi kweli. Kijana mwenye mguu uliovunjika anaweza kushika ubao wa vipande mdomoni mwa duara. Mwenye mkono mmoja mzima anaweza kuandika mifuko, kutunza daftari la nusura, kuwafundisha wageni. Hakuna mwalimu wa usalama anayesikilizwa kuliko aliyeng'atwa. Mfuko una huduma za utengamao za kumsaidia mtu arudi kwenye kazi yake au ajifunze nyingine. Uliza habari zake mapema, usisubiri hadi mtu akate tamaa.

Hatua ya 8: Hesabu na vinavyong'ata polepole

Mwisho ni kile kisichotoa damu. Vumbi la mawe yenye dhahabu lina chembe zinazokaa kwenye mapafu na kuyakakamaza, na mapafu hayo ni nyumba rahisi kwa kifua kikuu. Vumbi la katani nalo hukaba kifua cha mtu wa brashi. Zebaki ikichomwa kwenye kikaango, mvuke wake hauonekani, na humwingia hata mtoto anayecheza karibu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kwenye kikaango cha nyuma ya nyumba mkataba huo bado haujafika.

Sheria ya fidia inayatambua magonjwa yatokanayo na kazi kama inavyozitambua ajali. Kwa hiyo pima afya ya kijana anapoanza, kila baada ya muda, na anapoondoka. Mawe yalowe kabla ya kusagwa. Najua maji ya Handeni yanavyotafutwa, na dumu linavyopanda bei kiangazi, lakini maji ya kulowesha hayahitaji kuwa ya kunywa, na yaliyotumika yanaweza kukingwa na kurudishwa. Zebaki ichomwe kwenye chombo kilichofungwa kinachourudisha mvuke, mbali na nyumba. Bahili, sikia: mvuke unaopotea hewani ni zebaki uliyoinunua kwa hela yako.

Neno kwa msomaji

Nimemwita bahili tangu mwanzo, na nimefanya hivyo kwa upendo. Mkoa wa Tanga umejengwa kwa mikono iliyokatwa na miiba ya mkonge, na sasa inachimba mawe. Mingi kati ya mikono hiyo haikulipwa ilipovunjika. Wewe mwenye karasha mbili huwezi kuwalipa watu wa zamani. Unaweza kuhakikisha hawa kumi na wawili wanarudi nyumbani na vidole walivyokuja navyo.

Kesho asubuhi, kabla injini haijawashwa, pita kwenye kila mkanda na ujaribu kuugusa. Mkono ukifika, usiwashe. Mwite fundi kwanza.